Jinsi ya Kuifanya Sheli Iseme Lugha Unayoielewa

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo, ila kompyuta yangu inanigombeza na sijui nimeikosea nini."

Ilikuwa saa mbili usiku, taarifa ya habari ndiyo kwanza inaanza. Nikazima redio. Mpwa wangu yuko mwaka wa kwanza chuoni, na wiki hiyo alikuwa amejinunulia kompyuta ya mtumba Kariakoo: imetoka Ujerumani, ina Ubuntu, mfumo wa Linux, ndani, na kwenye kibodi yake y na z zimebadilishana viti. Kila kitu kilikuwa Kijerumani. Kwenye madirisha alijisaidia kwa picha. Bahasha ni barua, pipa ni takataka, gurudumu lenye meno ni mipangilio. Siku ya tatu mwalimu akawaambia wafungue teminali. Humo hakuna bahasha wala pipa, kuna maneno matupu. Akaandika cat barua.txt, kompyuta ikamjibu:

    cat: barua.txt: Datei oder Verzeichnis nicht gefunden

Mtoto aliyelelewa vizuri akifokewa kwa lugha asiyoijua huomba radhi kwanza, kosa ataliuliza baadaye. Yeye alinipigia simu. Haya ndiyo niliyomwambia usiku ule, pamoja na mengine niliyoyakumbuka baada ya kukata simu.

Tuelewane kwanza kuhusu neno. Ukimtajia mtu wa Tanzania sheli, anaona kituo cha mafuta, foleni ya bodaboda na kijana mwenye kofia ameshika mpira wa petroli. Sheli ninayoisema ni jirani yake kwa namna fulani, maana bila kupita kwake hufiki mbali. Ni programu inayopokea amri zako kwa maandishi, inazipeleka kwa mashine, inakurudishia jibu. Inayotumika sana inaitwa bash. Teminali ni dirisha la kuongea nayo. Unapolifungua dirisha hilo kikao kinaanza, unapolifunga kinakwisha. Lugha ya kikao chako ni mali yako: huhitaji nywila ya msimamizi wala kibali cha mtu kuibadilisha.

Mwalimu mkali hatangazi ana hasira ya lugha gani. Sheli ni mkweli zaidi, ukiiuliza itakwambia. Andika neno moja:

    locale

Itakumwagia mistari zaidi ya kumi. Wa kwanza ni LANG, mingine mingi inaanza na LC. Kwenye mashine ya mpwa wangu LANG ilikuwa de_DE.UTF-8. Herufi ndogo mbili za mwanzo ni lugha, kubwa mbili ni nchi, na mkia ni namna herufi zinavyohifadhiwa. Kiswahili cha Tanzania ni sw_TZ, cha Kenya ni sw_KE. Usibahatishe vifupisho. Nimewaona watu wazima wakiandika ks wakidhani ni Kiswahili, kumbe hiyo ni Kikashmiri cha kule Asia Kusini. Na sw_SW haipo, kwa sababu hakuna nchi inayoitwa Uswahilini, ingawa mitaa iko tele. Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu ataipata lugha yake imepewa alama ya herufi tatu, swc, katika orodha ya kimataifa ya lugha.

Ukishajua inajiona nani, itazame kabati:

    locale -a

Hizo ndizo lugha zilizokwisha kuandaliwa ndani ya kompyuta yako. Kama sw_TZ haimo, kuiomba ni sawa na kuagiza pweza kwenye mgahawa wa chipsi, utaletewa kilichopo. Bash yenyewe huenda ikalalamika kwamba imeshindwa kubadilisha, kisha kazi itaendelea kwa lugha ya msingi. Kwa Ubuntu, mwenye haki za msimamizi anaiandaa hivi:

    sudo locale-gen sw_TZ

Kwa Debian ni sudo dpkg-reconfigure locales, kisha unaweka alama kwenye mstari wa sw_TZ. Kwa Fedora unasakinisha furushi liitwalo glibc-langpack-sw. Ni kazi ya dakika chache. Ukirudia locale -a utaona mgeni amefika.

Sasa tuje kwenye mkasa. Mpwa wangu hakuwa amekaa bure kabla ya kunipigia. Masomo yao ni ya Kiingereza, kwa hiyo alikuwa ameshaandika hivi:

    export LANG=en_US.UTF-8

Hilo ni jambo sahihi kabisa la kuandika. Mashine ikaendelea na Kijerumani chake kana kwamba hakuna aliyezungumza. Hapo wengi hukata tamaa na kupeleka kompyuta kwa fundi, na fundi huifuta yote na kuanza upya, picha za harusi zikiwemo. Usifanye hivyo. Kinachotakiwa ni kujua nani mwenye kauli katika nyumba ile.

LANG ni desturi ya nyumba: hufuatwa pale ambapo hakuna aliyesema vingine. Chini yake wapo watoto, kila mmoja na kazi yake. LC_TIME anasimamia tarehe, LC_NUMERIC anasimamia namba, LC_COLLATE anapanga majina kwa mpangilio wa alfabeti, LC_MONETARY ni wa fedha, LC_MESSAGES ni wa ujumbe unaousoma. Mtoto akisema lake katika eneo lake, desturi inampisha. Juu yao yuko bibi, LC_ALL. Bibi akifungua kinywa, watoto wote na desturi yenyewe wananyamaza. Halafu yuko shangazi, naye ndiye aliyemsumbua mpwa wangu: LANGUAGE. Shangazi hana habari na tarehe wala fedha. Ila kwenye suala la maneno, lugha gani itumike kuzungumza na watu, hata bibi hamshindi. Isipokuwa bibi akitamka C. Hapo ndipo shangazi hukaa kimya, na hiyo C nitaieleza.

Kompyuta ile ilikuwa na LANGUAGE iliyowekwa Kijerumani tangu ilipokuwa kwao. Kubadilisha LANG kulikuwa sawa na kuhamisha fanicha huku shangazi amekalia kochi. Nikamwambia aandike:

    unset LC_ALL
    unset LANGUAGE
    export LANG=en_US.UTF-8

"Mjomba! Imekubali!"

Shangazi huyo si mtu mbaya, na ukimjua atakufaa. Yeye peke yake ndiye anayekubali orodha. Ukiandika export LANGUAGE=sw:fr:en umemwambia: jaribu Kiswahili, kikikosekana tumia Kifaransa, kikikosekana tumia Kiingereza. Kwa mtu wa Bujumbura au Goma, orodha hiyo inafanana na jinsi anavyozungumza kutwa nzima. Kumbuka tu kwamba alama ya usawa hukaa bila nafasi huku wala huku. Ukiandika LANG = sw_TZ, sheli itaenda kutafuta amri iitwayo LANG, irudi mikono mitupu na kukwambia haikuiona.

Neno export linafanya badiliko lidumu kwa kikao chote na kwa kila programu utakayoiita ndani yake. Dirisha likifungwa, limekwenda nalo. Ukitaka lugha ibadilike kwa amri moja tu, iweke mbele ya amri hiyo kwenye mstari huohuo:

    LC_ALL=C ls haipo.txt

Amri inayofuata itarudi kwenye lugha yake ya zamani. Ukitaka badiliko likukute kila ukifungua teminali, andika mistari yako ya export mwishoni mwa faili la .bashrc lililo nyumbani kwako. Ukitaka mashine nzima ibadilike, kwa Ubuntu na Debian iko amri ya update-locale, na kwa mifumo mingi ya siku hizi iko localectl set-locale. Mimi humshauri mwanafunzi aanze na kikao kimoja. Ukiharibu, unafunga dirisha, unafungua jingine, na hakuna aliyeona.

Unapochanganya ndipo mambo yanapokuwa matamu. Hakuna sheria inayosema mashine iwe ya lugha moja kwa kila jambo. Ujumbe unaweza kubaki Kiingereza, tarehe zikawa zetu:

    LC_TIME=sw_TZ.UTF-8 date +"%A, %d %B %Y"

Na mashine inajibu: Jumatano, 14 Mei 2025. Kama umemwacha bibi LC_ALL akizungumza, mfano huu hautafanya kazi. Mwondoe kwanza kwa unset. Mara ya kwanza nilipoona neno Jumatano limeandikwa na kompyuta, nililiangalia muda mrefu kuliko kazi iliyonipeleka pale. Lakini tahadhari, maana siku zetu zina hesabu yao. Jumamosi ndiyo mosi, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, mpaka Jumatano ya tano, kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu jina lake pia ni ya tano. Wiki yetu ina tano mbili zinazofuatana na hatujawahi kugombana kwa ajili hiyo. Mashine haiijui hesabu hii. Ukiandika date +%u, Jumatatu ni 1. Kwenye cron, ile ratiba ya kazi za kujiendesha, Jumapili ni 0 na Jumatatu ni 1. Mtu akitaka kazi ifanyike Jumatatu, akaandika 3 kwa sababu sikio lake limesikia tatu, kazi itafanyika Jumatano, na siku mbili nzima atakuwa anamlaumu fundi wa umeme.

Saa nazo vivyo hivyo. LC_TIME hutafsiri majina, haisogezi mishale. Saa 08:00 ya mashine utaisoma saa mbili asubuhi kwa kichwa chako, kama tulivyozoea kwenye simu na runinga. Hata hivyo iko njia moja ninayoipenda. Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia, na saa ya Kiswahili iko sita nyuma ya ile ya ukutani. Tatu ukitoa sita unabaki na tatu nyuma, ambayo ndiyo saa ya Argentina. Kwa hiyo Dar es Salaam ikiwa saa mbili asubuhi kwa hesabu yetu, saa za ukutani kule Buenos Aires zinasema mbili kamili, usiku wa manane wa kwao. Andika:

    TZ=SAA+3 date +%I:%M

Sheli itakusomea saa kama anavyoisoma bibi yako. Alama ya kujumlisha hapo inamaanisha magharibi ya Greenwich, usiigeuze. Na iache iwe ya kusomea saa tu. Tarehe itakayotoka upande ule inaweza kuwa ya jana, na faili la kumbukumbu lililoandikwa kwa saa hiyo litamchanganya kila atakayelifungua.

Sasa keti vizuri, maana hapa pana hatari, na sipendi upoteze faili kwa sababu ya mapenzi ya lugha. Amri rm -i huuliza kabla ya kufuta. Jibu lako hupimwa kwa kipimo cha lugha ya kikao, na kipimo hicho unaweza kukiona:

    locale yesexpr

Utapewa mabano ya mraba yenye herufi zinazohesabiwa kuwa umekubali. Kwa Kijerumani imo j, kwa sababu wao hukubali kwa ja. Sisi tunakubali kwa ndiyo. Ndiyo inaanza na n, herufi ileile ambayo vidole vilivyozoea Kiingereza huibonyeza kukataa! Fikiria basi swali limetoka kwa Kiingereza, kwa kuwa tafsiri yake haipo, huku jibu linapimwa Kiswahili. Mtu anaandika n akijua amekataa, kumbe ametia sahihi. Soma mabano hayo kabla ya rm -i yako ya kwanza katika kikao cha Kiswahili. Ukiona n imo, ujue hiyo ni ridhaa. Njia salama ya kukataa ni kubonyeza Enter bila kuandika kitu. Rm hufuta pale tu inapopata jibu la kukubali.

Nimeitaja C mara mbili bila kuieleza. C ni lugha ya msingi ya mashine, imepewa jina la lugha ya programu ya C, ambayo sanifu yake ya 1989 ndiyo iliyoingiza utaratibu huu wa kuchagua lugha. Haihitaji kuandaliwa, ipo kila mahali. Ujumbe wake ni Kiingereza kikavu, desimali yake ni nukta, na inapanga herufi kubwa zote kabla ya ndogo, hivi kwamba Zuhura anatangulia mbele ya asha kwa sababu tu Zuhura ameandikwa kwa herufi kubwa. Ndiyo lugha inayofaa kwa skripti. Niliwahi kukuta mahali pa kazi skripti ya kuhifadhi nakala ambayo kila usiku ilitafuta ndani ya ripoti maneno ya Kiingereza ya kusema diski imejaa. Mtu akabadilisha lugha ya seva. Diski ikajaa, seva ikalisema hilo vizuri kabisa kwa lugha yake mpya, na skripti, isiyojua lugha ile, ikaandika kila asubuhi kwamba hali ni shwari. Hakuna aliyefanya uzembe. Mstari mmoja tu ulikosekana juu ya skripti:

    export LC_ALL=C

Kama data yako ina herufi zenye alama, tumia C.UTF-8. Siku hizi mifumo mingi inayo. Glibc, maktaba ambayo karibu kila programu ya Linux inaiegemea, ilianza kuja nayo rasmi katika toleo la 2.35 la mwaka 2022. Na namba zichunge vilevile. Mjerumani huandika tatu na nusu kwa mkato, 3,5. Bash iliyo katika kikao cha Kijerumani ukiipa printf na 3.5 itasema hiyo si namba. Kwa mwanafunzi anayekokotoa alama za darasa zima, jambo hilo si dogo.

Ukisafiri kwenda seva nyingine kwa ssh, kwenye Debian na Ubuntu lugha yako husafiri nawe, kwa kuwa zimepangwa hivyo. Ukifika kwenye seva isiyo na sw_TZ kabatini, programu ya perl na wenzake watapiga kelele kwamba wameshindwa kuweka lugha. Kelele hizo hazivunji kitu. Iandae sw_TZ kule, au ingia ukiwa umetanguliza LC_ALL=C.UTF-8.

Sasa nifike pale mpwa wangu alipofika siku iliyofuata.

"Mjomba, nimeweka sw_TZ. Tarehe inasema Kiswahili. Mbona ls bado inaongea Kiingereza?"

Hilo swali nilikuwa nalingoja, na nililiogopa. Kuweka lugha ni kufungua kabati. Sentensi zenyewe lazima mtu awe amezitia humo. Kila programu inayofuata utaratibu wa gettext, ambao mradi wa GNU ulitoa toleo lake mwaka 1995, hubeba faili la tafsiri kwa kila lugha: upande mmoja sentensi ya Kiingereza, upande wa pili ya kwenu. Faili likikosekana, inatoka ya Kiingereza. Nilimwambia afungue saraka ya /usr/share/locale/sw/LC_MESSAGES, nami nikafungua ya kwangu. Tafsiri ya coreutils, furushi lenye ls, cp, rm na date, haikuwemo kwake wala kwangu. Wala ya glibc, ambayo ndiyo mwandishi wa nusu ya pili ya kila lawama: ls husema imeshindwa kufikia faili, glibc humalizia kwa kusema ni kwa nini. Sentensi moja, mabega mawili, na kwa Kiswahili yote mawili hayakuwa na mzigo.

Halafu ukitazama orodha ya lugha za coreutils utaiona lg. Hiyo ni Kiganda. Kuna mtu aliyeketi akaitafsiria ls lugha hiyo. Sikuona wivu, niliona heshima. Kwa Kiswahili tumewahi kufanya kazi kubwa kuliko hiyo: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Maneno tunayo, na watu tunao.

Kazi yenyewe ni ya jioni, haihitaji shahada. Unachukua faili la coreutils.pot kutoka kwenye msimbo wa coreutils, unaandika:

    msginit --locale=sw --input=coreutils.pot

na unapata sw.po. Chini ya kila msgid, yaani sentensi ya Kiingereza, kuna msgstr tupu. Hapo ndipo pako. Ukishajaza kiasi, msgfmt inaligeuza kuwa coreutils.mo, unaliweka kwenye saraka niliyoitaja, na LANGUAGE=sw inaanza kuzaa matunda mbele ya macho yako. Mradi uitwao Translation Project ndio unaokusanya tafsiri za programu nyingi za GNU, na kupitia huko kazi yako itawafikia wengine.

Ushauri wangu kwa atakayekaa: usitafsiri neno kwa neno. "Permission denied" watu huiandika "ruhusa imekataliwa", kana kwamba ruhusa ilikwenda kuposa. Mlinzi wa getini hasemi hivyo. Husema "huna ruhusa". "No such file or directory" ni "hakuna faili wala saraka yenye jina hilo". Amri isiyojulikana, "amri hii haipo". Kifaa kilichoshikwa na programu nyingine, "kifaa kinatumika". Kiswahili ni kifupi pale kinapoachwa kizungumze chenyewe.

Mtego wetu ni ngeli. Mtunzi wa programu huacha shimo katikati ya sentensi, alama ya %s, na humo litaingia jina lolote: faili, saraka, kiungo, kifaa. Ukiandika "%s limefutwa", faili litakubali na saraka itakataa. Ukiandika "imefutwa", Mkenya asemaye faili hii atatulia na Mtanzania asemaye faili hili atakunja uso. Toka mtegoni kwa kukihamisha kitenzi: "nimefuta %s", "imeshindikana kufuta %s". Kitenzi kikikaa mbele, shimo linapokea ngeli yoyote bila ugomvi. Nimebishana na wenzangu iwapo mashine iruhusiwe kusema "nimefuta" kama mtu. Mimi nasema iruhusiwe. Imefanya kazi, iseme imefanya yenyewe.

Usiogope pia ubishi wa tarakilishi na kompyuta, au saraka na folda. Chagua moja, itumie mwanzo hadi mwisho wa faili, weka maelezo juu. Faili lenye neno usilolipenda mahali kumi linasahihishwa kwa dakika moja, na lile lisiloandikwa halisahihishiki.

Mpwa wangu ana sentensi arobaini mpaka leo, anazifanya usiku akimaliza masomo, kwenye kibodi ileile ya Kijerumani. Ameanza na zile za coreutils zilizomfokea.  Faili la glibc bado hajaligusa, ni kubwa, na jioni zake ni chache. Kama umesoma mpaka hapa na una jioni moja wiki hii, anza nalo wewe. Chukua kumi za kwanza.